Sifuri ya Mama Merveille

Wenzangu mnaobaki kazini, mmeniomba niwaandikie miaka yangu ya umeme kabla sijaisahau. Nimekubali kwa sababu tangu nimestaafu nina muda mwingi, na mume wangu amechoka kunisikiliza. Ila nawaonya mapema: hamtakuta hapa nani alipandishwa cheo na nani alirukwa, wala mshahara ulikuwa kiasi gani. Mambo hayo yaliniumiza kichwa wakati wake, sasa hayana ladha tena. Nitawaandikia viatu, mbwa, watu wawili walionifundisha kazi, na sentensi moja niliyoiandika vibaya.

Walio wapya wanalijua jina langu, Masika, kwa sababu tu liko mwishoni mwa kile kitabu cha maelezo kilichofungwa kwa kamba kwenye meza ya kompyuta. (Kamba niliiweka mimi. Nakala ya kwanza ilitembea ikaenda zake.) Nilizaliwa Butembo, nikaja Bunia nikiwa mdogo na wazazi waliokuwa wakiuza vitambaa, na nikaingia kwenye kampuni yetu ndogo ya umeme kama msomaji wa mita. Mita ndiyo ile ambayo mjini kwetu kila mtu anaiita konteri. Kazi ilikuwa kwenda nyumba kwa nyumba na kuandika namba zinazoonekana kwenye kioo chake. Nilikuwa mwanamke wa kwanza kuifanya pale, na stoo hapakuwa na buti la mguu wangu. Wiki ya kwanza niliuzunguka mtaa wa Mudzipela wote na buti la namba arobaini na tatu, mbele limejazwa magazeti. Niliporudi jioni, miguu ilikuwa imechapwa habari za wiki iliyopita.

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa Muzee Ngabu, mkuu wa wasomaji. Alijifunzia umeme ujanani, kwenye migodi ya dhahabu upande wa Nizi, na aliongea na mashine kwa adabu kuliko alivyoongea na wakubwa. Siku yangu ya kwanza alinikabidhi tochi, daftari la mistari ya mraba, kalamu mbili na kipande cha mkate mkavu. Nikamwuliza mkate wa nini.

"Ya imbwa," alisema. "Weye unawaza imbwa inajua kampuni?"

Mkate ulifanya kazi karibu kila mahali, isipokuwa nyumba moja jirani na soko ambako mbwa alikula mkate kwanza, akanifukuza baadaye. Nilipomsimulia Muzee Ngabu, alicheka mpaka akatafuta kiti.

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba huanzi na mita, unaanza na watu. Unabisha hodi, unasalimia, unauliza habari za wagonjwa na za watoto, unakubali kiti hata kama hutakaa, ndipo unaomba kuona namba. Wasomaji wengine walimaliza nyumba hamsini kwa asubuhi moja, mimi nilimaliza thelathini. Lakini thelathini zangu hazikurudishwa kwa makosa, na nilijua nani amejifungua na nani anahama kabla ya padri.

Alinifundisha pia kukaza macho. Kioo cha mita kikiwa na vumbi, nane inafanana na tatu, na saba inajifanya moja. Unapangusa kwa kitambaa kikavu, unasoma, unaandika, halafu unasoma tena kuanzia nyuma kuja mbele, kwa sababu ukisoma upande uleule jicho linaona kile lilichotaka kuona. Hilo niliwafundisha wote waliokuja baada yangu, na wote waliniona mzee wa kabla ya wakati mpaka siku yao ya kwanza ya kuandika tatu mahali pa nane.

Niliifanya kazi hiyo miaka mingi, kwa furaha. Muzee Ngabu alistaafu akarudi kwenye ng'ombe wake, mimi nikachukua nafasi yake, na magoti yangu yakaanza kulalamika kwenye miteremko. Hapo ndipo zilipofika mita mpya.

Zilikuwa ndogo, nyeupe, na ndani yake mna redio. Hazikuhitaji mtu wa kuzitembelea. Injinia Espérance, dada kijana aliyetoka Kisangani na ambaye alikula mihogo mibichi akiwaza, alikuwa ametengeneza programu ya kompyuta ya kuongea nazo. Unaandika namba ya mita, unaandika tarehe unazotaka, unabonyeza neno LETA. Programu inatuma swali kupitia antena iliyo juu ya paa la ofisi, mita inajibu kutoka ukutani kwa mtu, na kwenye kioo cha kompyuta zinashuka safu: siku, saa, na umeme uliotumika katika saa ile. Jina lake rasmi lilikuwa refu, la Kifaransa. Sisi tuliiita Mujumbe, kwa sababu unaituma na inarudi na habari.

Niwe mkweli: siku niliyouona Mujumbe ukifanya kwa dakika moja kazi yangu ya siku mbili, nilienda nyuma ya ofisi nikalia kidogo. Kisha nikanawa uso nikarudi kuangalia tena, maana ulikuwa mzuri sana.

Tatizo lilikuwa moja. Hakuna aliyejua kuutumia isipokuwa Espérance mwenyewe. Alikuwa ameandika maelezo ya kurasa nne kwa Kifaransa cha chuo kikuu, na kurasa hizo nilizikuta zote nne chini ya birika la chai, zikifanya kazi vizuri. Chef wetu, mkuu wa kampuni, aliniita ofisini kwake.

"Mama Masika, weye unajua konteri na unajua batu," alisema. "Andika kitabu ya Mujumbe. Na Kiswahili, ile tunasemaka kila siku."

"Chef, miye sijui ordinateri, ile kompyuta."

"Njo muzuri," akasema, yaani ndiyo vizuri. "Utauliza maulizo ya mutu asiyejua."

Basi nikawa mwandishi, nina miaka hamsini na kitu, na nikafundishwa na mtu mwenye umri wa binti yangu wa mwisho. Espérance ni mwalimu wangu wa pili. Nilikaa ubavuni kwake wiki sita na lile daftari la mistari ya mraba. Nikibonyeza hapa kunatokea nini? Nikikosea namba moja? Umeme ukikatika katikati, habari zinapotea au zinabaki? Swali la mwisho lilimfanya atafune muhogo dakika nzima, halafu akasema, "Ile sikuwaza," akaenda kurekebisha programu. Tangu siku hiyo alianza kunivutia kiti kabla sijafika.

Kuandika maelezo si kazi ya kukaa, kama wengi mnavyodhani. Ni kazi ya kumwangalia mtu mwingine akipotea kwenye njia uliyomchorea. Mtu huyo kwangu alikuwa Papa Tabu, sentineli, mlinzi wa mlangoni, ambaye hakuwahi kugusa kompyuta na hakuwa na haraka yoyote duniani. Kila nilipomaliza ukurasa, nilimwita, nampa karatasi, nafunga mdomo wangu. Sheria ilikuwa hivi: Papa Tabu akikwama, kosa ni la karatasi.

Alikwama vizuri sana. Mahali nilipoandika "weka tarehe," aliweka siku kwanza, kama tunavyoandika sote, na Mujumbe ulikaa kimya kwa sababu ulitaka mwaka kwanza. Nikaongeza mfano. Mahali nilipoandika "bonyeza LETA, kisha subiri," alibonyeza, akakunja mikono, akasubiri. Nilienda sokoni nikarudi, nikamkuta bado anasubiri, na majibu yalikuwa kwenye kioo tangu zamani.

"Papa Tabu, si umeona namba zimefika?"

"Nimeziona. Lakini karatasi haikusema niache kusubiri."

Nikaandika upya: "Subiri muda wa kunywa nusu kikombe cha chai. Namba zikishuka, umemaliza kusubiri." Najua mnaicheka hiyo sentensi. Najua pia kwamba hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kukosea hapo.

Kurasa zote zilipita kwa Papa Tabu, isipokuwa mstari mmoja. Ilikuwa Ijumaa alasiri, kitabu kimebakiza maneno machache, na mimi nilikuwa na mazoezi ya kwaya. Tulikuwa tunajiandaa kwa sikukuu ya parokia, na sauti ya pili bila mimi inaanguka, hilo hata mkuu wa kwaya anakubali. Kwenye ukurasa wa tisa nikaandika haraka: "Ukiona sifuri, maana yake nyumba haikutumia umeme." Sikumwuliza Espérance wala sikumwita Papa Tabu. Ilionekana wazi kama maji. Nikafunga daftari, nikaenda kuimba, na niliimba vizuri.

Kitabu kilitoka, kikapendwa. Watu wa stoo, wa kontroli wanaokagua nyumba, hata katibu wa Chef, wote waliweza kutuma Mujumbe. Mimi nilitembea ofisini kifua mbele karibu miezi mitatu.

Kisha asubuhi moja, mwanzoni mwa mvua, mama mmoja alisimama mlangoni kwangu ofisini. Alikuwa mnene, amevaa kitenge cha kijani, mkono mmoja umeshika karatasi yenye muhuri wetu, mwingine umeshika yai. Alikuwa Mama Merveille wa Mudzipela. Nilimfahamu tangu siku zangu za kutembea, na alikuwa mmoja wa wale ambao kiti chao hukikatai.

"Njo weye uliandika kitabu ya Mujumbe?" aliuliza. Hakusalimia, na hapo ndipo nilipojua kuna jambo.

"Njo miye, mama."

"Sikiliza basi."

Akanibandika yai sikioni. Mwanzoni sikusikia kitu. Halafu ndani ya ganda kikagonga kitu, tik, tik, kikapumzika, kikagonga tena. Nilishtuka nikacheka bila kutaka.

"Iko anaomba njia," alisema. "Niko nabo mia moja na makumi mbili mu kuvezi. Tena siku mbili batoke. Sasa soma karatasi yenu."

Kuvezi ni lile sanduku la kuangulia vifaranga. La kwake alilitengeneza mwenyewe kwa mbao na balbu nne, na vifaranga vilikuwa vimeshaahidiwa kwa akina mama wa kanisa lake, kila mmoja kumi kumi, waanze ufugaji. Karatasi yetu ilisema kwamba nyumba yake inaiba umeme, na kwamba laini itakatwa leo hii, kabla ya saa sita mchana.

"Kuranti, ile umeme ya mji, ikienda masaa mbili, masaa tatu, ninafunika mayai na blanketi, ninatia bidon ya maji ya moto," alisema. "Lakini mukikata kabisa, batakufa mu maganda. Na batu ya avenue banaisha niita mwizi. Miye, Mama Merveille! Konteri yangu iko inawaka taa nyekundu muchana muzima, inahesabu. Naiba nini?"

Sauti yake ilitetemeka kwenye neno mwizi, si kwenye neno kufa. Nilimwachia kiti changu nikaenda kwa Chef mbio, kadiri magoti yalivyokubali.

Chef hakuwa mtu mbaya. Aligeuza kompyuta yake nione. Nyumba ya Mama Merveille: sifuri, sifuri, sifuri, siku kumi na mbili mfululizo.

"Kitabu inasema sifuri ni nyumba haikutumia kuranti," alisema. "Na batu ya kontroli banaona kuvezi inawaka. Inatembea na nini, na maombi? Amepitisha nyaya pembeni ya konteri. Njo kusema wizi. Na kitabu, Mama Masika, uliandika weye mwenyewe."

Nilihisi masikio yakipata moto. Nilimwambia anipe mpaka saa sita nimletee uthibitisho. Akasema fundi ameshaondoka na ngazi, nikimkuta bado chini nimwoneshe uthibitisho huo, nikimkuta juu ni shauri yangu.

Espérance alikuwa kwenye meza yake. Nilimwuliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa miezi mitatu nyuma.

"Konteri ikiacha kujibu kabisa, Mujumbe unaandika nini?"

"Sifuri," alisema.

"Na konteri ikijibu, lakini nyumba haikutumia kitu?"

"Sifuri."

Alisikia alichokisema. Akaweka muhogo chini.

"Haukuniuliza ile," alisema polepole.

Ilikuwa kweli. Nilimwuliza maswali mia tatu, nikaacha hilo moja kwa sababu ya kwaya. Sifuri ya Mujumbe ilikuwa na watu wawili ndani yake: aliyezima taa, na aliyeitwa asisikie. Mimi niliwaandika wote kama mtu mmoja. Nilisikia aibu, na siwafichi, lakini aibu ingesubiri. Espérance alibeba kompyuta ndogo na antena ya mkononi, mimi nikabeba kitabu, Mama Merveille akabeba yai lake ndani ya kitambaa kifuani. Tukachukua moto mbili, zile pikipiki za abiria. Dereva wangu aliuliza kama kuna harusi, nikamwambia karibu.

Tulipofika, ngazi ilikuwa imeegemezwa kwenye nguzo na nusu ya mtaa ilikuwa imekuja kutazama. Fundi wetu alikuwa kwenye kipago cha tatu, koleo kiunoni. Nilimwita mwana wa fulani, kwa jina la mama yake, akasimama.

"Mama Masika, niko nafwata kitabu yako," alisema kwa unyonge. "Page ya tisa."

"Page ya tisa iko na kosa. Shuka."

"Unipe prevu. Chef atanikamata miye, hapana weye."

Alikuwa na haki ya kutaka uthibitisho. Ndipo nikaenda kwenye ukuta kuangalia mita yenyewe, na sikuiona. Niliona bati. Kopo kubwa la mafuta ya kupikia lililokatwa, likanyooshwa, likakunjwa pembe kwa ustadi, likafunika mita nzima juu, pembeni na mbele, na kijidirisha kidogo tu cha kuchungulia ile taa nyekundu.

"Bati hii umeweka lini?" nilimwuliza Mama Merveille.

"Mvua ilianza. Juma mbili, karibu." Akanishangaa. "Si weye njo ulitufundishaka? Miaka ile ya konteri ya zamani, ulisema mvua inaingia, mufunike na bati. Avenue muzima inafunika kila mwaka."

Ndiyo. Ni mimi. Mita za zamani zilikuwa zinaingiza maji, na kila mwanzo wa mvua nilipita mlango kwa mlango nikiwafundisha watu kukata makopo, nikiwaonesha na jinsi ya kukunja pembe zisiwakate watoto. Walinisikiliza vizuri kuliko nilivyotarajia. Mita mpya haiingizi maji, lakini redio yake haipiti kwenye bati. Mama Merveille alikuwa ameizibia mdomo mita yake kwa mapenzi tu, na kwa ushauri wangu.

Nilianza kucheka. Espérance aliangalia bati, akaniangalia mimi, akaelewa, naye akaanza. Mama Merveille alitushangaa kama wendawazimu.

"Toa bati, mama," nilisema. "Toa, utaona."

Alilichomoa. Espérance aliweka kompyuta juu ya pipa la maji, akaandika namba ya mita, akaandika tarehe, mwaka kwanza, akabonyeza LETA. Watu wote wakasogea. Nikawaambia wasubiri muda wa nusu kikombe cha chai, na jirani mmoja akauliza chai yenyewe iko wapi.

Kisha namba zikaanza kushuka. Mita ilikuwa haijapoteza kitu. Siku zote kumi na mbili ilikuwa inahesabu kimyakimya na kuhifadhi, ikingoja kuulizwa. Saa baada ya saa, mchana na usiku, kiasi kilekile, balbu nne, balbu nne, balbu nne. Nimesoma mita maisha yangu yote, lakini sijawahi kusoma kitu kizuri kama kile.

"Sasa ona apa," Espérance alisema. "Jumanne, saa tisa mpaka saa kumi na moja, hakuna kitu."

"Ile Jumanne kuranti ilienda!" alipiga kelele Mama Merveille. "Nilifunika batoto na blanketi ya kitanda yangu!"

"Ni kweli!" jirani mwingine akaitikia. "Njo nilikuwa napiga pasi."

Basi ikawa sherehe. Kila mwanya ulioonekana kwenye safu, Espérance aliutaja kwa sauti, na mtaa ulikumbuka: huu ni wakati wa mpira, huu ni siku mashine ya kusaga ilisimama na unga wa fulani ndani. Waliokuwa wakimwita mwizi asubuhi walikuwa sasa mashahidi wake, tena wenye makelele. Fundi alishuka mwenyewe bila kuambiwa. Nilichukua nakala yake ya kitabu, nikaiweka juu ya kipago cha ngazi, nikaikata sentensi yangu kwa kalamu mistari miwili, nikaandika juu yake: "Kosa. Masika." 

Mchana huohuo tulipitia sifuri nyingine zote. Nyumba moja ya mtaa wa Mbunya ilikuwa imeshakatwa, siku nne nzima, na nilienda mwenyewe na fundi kuirudishia umeme. Mwenye nyumba, mzee mpole aliyekuwa akipanga kuni, alinisikiliza nikimwomba msamaha mpaka mwisho.

"Kumbe ni ninyi?" alisema. "Miye nilizani ni kuranti ya kawaida. Inaenda, inarudi."

Sikujua nifurahi au nione aibu kwa niaba ya kampuni nzima. Nilifanya vyote viwili.

Espérance alibadilisha programu siku ya pili. Mita isipojibu, Mujumbe sasa unaandika "haijajibu," na sifuri imebaki na mtu mmoja tu ndani yake. Ukurasa wa tisa niliuandika upya mara sita: ukiona "haijajibu," usimtuhumu mtu, nenda kwake, bisha hodi, salimia, halafu angalia kama konteri imefunikwa na bati. Ikiwa imefunikwa, mwoneshe kukata kipande cha bidon, lile dumu la plastiki, maana plastiki inaachia redio ipite. Papa Tabu aliusoma, akatoka mpaka lango la ofisi, akabisha hodi kwenye lango lake mwenyewe, akajisalimia. Nikajua umekamilika.

Nilidhani na jambo limekamilika. Lakini Mama Merveille alinipigia simu. Vifaranga vilikuwa vimetoka, akina mama wa kanisa wanakuja kuvichukua mchana, na bado alikuwa na neno na mimi.

"Karatasi yenu ya wizi ilikuja mbele ya batu," alisema. "Kusema kosa yenu kulikuja na kalamu, kwa kitabu. Batu ya avenue hapana soma kitabu yako. Kuya useme na kinywa."

Nilienda. Nilivaa kitenge changu cha Jumapili ingawa ilikuwa Alhamisi. Espérance alikuja, fundi alikuja, hata Chef alikuja, akajibanza karibu na mlango. Sebule ilijaa akina mama wenye katoni za sabuni zilizotobolewa matundu, na majirani walijaza uwanja hadi barabarani. Ndani ya lile sanduku vifaranga zaidi ya mia moja vilikuwa vikilia kwa nguvu zote vilizozaliwa nazo. Mama Merveille aliniwekea kigoda katikati, nikapanda, magoti yangu yakapata jambo jipya la kusimulia.

Nilisema kwa sauti ya ofisini kwamba kulikuwa na hitilafu katika maelezo ya kiufundi.

"Hatusikii!" walijibu kutoka uwanjani.

Nikarudia, kwa sauti kubwa zaidi, kwamba kampuni inasikitika. Vifaranga vilinishinda. Mama Merveille alikuwa amekunja mikono mbele ya sanduku, hatabasamu, hasogei.

"Na kinywa, Mama Masika," alisema. "Jina yangu, na jina yako."

Basi nikavuta pumzi, ile ya kwaya, ya mwanzo wa wimbo, nikapaaza sauti mpaka nadhani na sokoni walisikia:

"Mama Merveille hapana mwizi! Hakuiba hata siku moja! Miye Masika njo nilikosea!"

Vigelegele vilipasuka nyumba nzima. Nilikuwa nalia na kucheka juu ya kile kigoda, na Chef alikuwa anapiga makofi kuliko wote.

"Sasa nimesikia," alisema Mama Merveille, akageuka, akafungua mlango wa sanduku.